Benigna Wawili

Kila siku ya shule Shamimu aliamka adhana ya alfajiri ikiwa bado masikioni. Alichota maji ndoo mbili kwenye bomba la jirani, akaosha vyombo vya jana, akamchemshia mdogo wake uji, kisha akatia madaftari mkobani na kushika njia. Kwao ni Bombambili. Baba yake, mzee Sefu, alileta korosho kutoka Tunduru na kuziuza sokoni. Mama yake, Mwanaisha, alikuwa fundi cherehani aliyeshonea barazani, na nusu ya sare za mtaa ule zilipita mikononi mwake. Mwezi wa pili mvua ya Songea haina adabu, na kila asubuhi udongo mwekundu ulimfikisha Shamimu shuleni akiwa na soksi za rangi mbili.

Alikuwa darasa la saba, mkondo A, na alikuwa na akili. Walimu walilijua hilo, wenzake walilijua, ila yeye alilijua kuliko wote. Katika klabu ya kompyuta vidole vyake vilikimbia huku wengine wakitafuta herufi moja moja. Aliyekaa naye meza moja alikuwa Muhsini, mvulana mpole asiyekubali kugeuza ukurasa mpaka ahakikishe ule wa kwanza hauna kosa. Shamimu alimpenda Muhsini, lakini kila mara alimwambia kwamba akiendelea hivyo atahitimu akiwa na mvi.

Klabu hiyo ilikuwa ya Mwalimu Hironimus. Likizo ya Krismasi nzima mwalimu huyo aliitumia kutengeneza kanzidata ya shule, yaani ghala la taarifa ndani ya kompyuta. Ghala lile lilikuwa na majedwali. Jedwali moja lilikuwa la wanafunzi: namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mlezi. Jingine lilikuwa la alama zao za mitihani. Majedwali hayo yaliunganishwa kwa namba ya mwanafunzi, ili kila alama ijulikane ni ya nani.

"Mnapopeleka mahindi mashineni kule Lizaboni," aliwaambia, "kila mtu hufunga kitambaa chake kwenye ndoo yake. Ndoo zote zinafanana, mahindi yote yanafanana. Bila kitambaa utarudi nyumbani na unga wa mwenzako. Humu ndani kitambaa ni namba. Jina halitoshi, maana majina tunarithishana."

Kisha akawaonyesha kanuni alizozifunga humo. Kompyuta haikukubali wanafunzi wawili wawe na namba moja. Haikumpokea mwanafunzi asiye na tarehe ya kuzaliwa. Haikupokea alama isiyo na mwenyewe, na kwa sababu hiyo haikukubali kumfuta mwanafunzi ambaye bado ana alama zake. Mtu akijaribu, ilimwandikia kwa Kiswahili safi kwamba hairuhusiwi. Mwalimu akasisitiza kwamba ikiwakataza jambo wasigombane nayo, bali wasimame na waje kumuuliza, hata kama ni mara mia.

Mwaka ule darasa la saba lilikuwa na watoto mia moja themanini na saba katika mikondo mitatu, na madarasa ya mikondo B na C yalikuwa ng'ambo ya korongo, kwenye majengo mapya. Orodha ya watakaofanya mtihani wa taifa mwezi wa tisa ilitakiwa itoke kwenye kanzidata hiyo. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Lidwina, aliitaka mezani kwake Alhamisi, saa tisa alasiri, ili Ijumaa aipeleke ofisi ya elimu. Alitoa na ahadi: orodha ikikamilika kwa wakati, mwanafunzi atakayekuwa amefanya kazi kubwa zaidi ataiwakilisha shule kwenye maonyesho ya Nane Nane kule Mbeya. Shamimu hakuwa amewahi kuvuka mpaka wa mkoa wa Ruvuma. Kuanzia siku hiyo akaanza kuota Mbeya akiwa macho.

Jumanne simu ilimfikia Mwalimu Hironimus kwamba baba yake amefariki huko Mbinga. Akaondoka na koti lake tu. Kabla ya kuondoka aliifungulia klabu kanzidata kwa neno la siri la wanafunzi, lile la kuingiza taarifa peke yake. Neno lake mwenyewe, linalofungua kanuni, hakumpa mtu. Lakini mara nyingi alikuwa ameliandika mbele yao, na macho ya Shamimu yalikuwa yamelisoma siku nyingi zilizopita. Kulijua kwenyewe hakukuwa kosa kubwa. Kubwa lilikuwa bado linakuja.

Wakagawana kazi. Shamimu akaingiza wanafunzi kutoka kwenye vitabu vya kuandikishia shule, Muhsini akaingiza alama. Jumatano mchana Shamimu alimwandika Benigna Jeremia Ngonyani, namba 417, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 2011. Saa moja baadaye akakutana na Benigna Jeremia Ngonyani mwingine, namba 452. Simu ya mlezi ilikuwa ile ile. Mahali pa tarehe ya kuzaliwa palikuwa patupu.

Ambacho Shamimu hakukijua ni hiki. Lizaboni aliishi bibi mmoja, Benigna, mjane wa mzee Jeremia Ngonyani. Wanawe wawili, Osmund na Rupert, kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama ilivyo heshima katika koo nyingi za huko. Mabinti hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, wakalelewa na bibi yao nyumba moja, kwa kuwa wazazi wao walikuwa mashambani. Ulipofika wakati wa kuanza shule, marehemu babu aliwashika mkono wote siku moja, akawaandikisha kwa jina lake yeye, kama watu wengi wanavyofanya kwa wajukuu wanaowalea. Mmoja akapelekwa mkondo B, mwingine C. Nyumbani hakuna aliyewachanganya hata siku moja, basi nani angewaza kwamba kuna mahali watachanganywa?

Kompyuta ilikataa kumpokea namba 452 bila tarehe. Ilikuwa wakati wa kusimama na kuuliza. Shamimu hakuuliza. Alipanda juu hadi namba 417, akainakili tarehe ile ile, akajiambia kwamba kama ni mtoto yule yule basi tarehe ni yake, na kama siye, nani atajua. Kompyuta ikanyamaza. Mashine hujua kwamba tarehe imejazwa; kama ni ya kweli, hiyo imeachiwa dhamiri ya aliyejaza.

Alhamisi saa nane na nusu walichapa orodha ya kwanza. Shamimu akaona mistari miwili inayofanana kama sare mbili zilizotoka cherehani moja: jina hilo hilo, tarehe hiyo hiyo, simu hiyo hiyo. Hapo ndipo uongo wake wa jana ulipomrudia ukiwa umejifanya ushahidi. Akasema huyu mtoto ameandikwa mara mbili.

Muhsini akasema huenda ni wawili, waende wakamuulize mwalimu wa darasa ng'ambo ya korongo. Nje mvua ilikuwa ikimwagika, na korongo lilikuwa limejaa. Shamimu akamuuliza kama amewahi kuona watu wawili wamezaliwa siku moja, wana jina moja hadi la ukoo, na wana simu moja. Muhsini akakuna kichwa, kisha Shamimu akamtuma kutafuta karatasi za kuchapia.

Shamimu akabonyeza kumfuta namba 452. Kompyuta ikamwandikia: "Hairuhusiwi. Mwanafunzi huyu ana alama 12."

Akaingiza neno la siri la mwalimu. Akafungua ukurasa wa kanuni, akaona kisanduku kidogo chenye tiki, akaiondoa. Safari hii namba 452 alifutika bila hata kukohoa. Akajaribu kuirudisha tiki ili mambo yaonekane kama yalivyokuwa, kompyuta ikakataa: kuna alama kumi na mbili zisizo na mwenyewe. Akajaribu kuzihamishia kwa namba 417. Ikakataa tena, kwa kuwa 417 tayari alikuwa na alama za masomo yale yale na mitihani ile ile.

Hapo akalazimika kuzitazama. Hisabati, namba 452 alikuwa amepata arobaini na nne kwa hamsini. Namba 417 alikuwa amepata kumi na tisa. Mtihani mmoja, siku moja. Mtu mmoja hawezi kupata alama mbili kwa mtihani mmoja, na hilo halihitaji kompyuta kulijua. Shamimu alilijua. Akatazama saa ukutani: saa tisa kasoro dakika saba.

Akazifuta zile alama kumi na mbili, moja baada ya nyingine. Akairudisha tiki, na safari hii ikakubali. Muhsini aliporudi na karatasi alikuta kila kitu shwari. Orodha ikachapwa, ikafika mezani kwa Mwalimu Mkuu kwa wakati, na Mwalimu Lidwina akamshika Shamimu bega mbele ya walimu wengine. Katika kufunga hesabu ya majina, chini paliandikwa mia moja themanini na sita. Hakuna aliyehesabu upya. Watu wazima wazima walisema kompyuta imeshahesabu.

Wiki iliyofuata orodha ilibandikwa ubaoni, majina matupu kwa mpangilio wa herufi, ili kila mtoto ajihakikishie. Benigna wa mkondo C akaja, akalikuta jina lake, akaondoka. Benigna wa mkondo B akaja kesho yake, akaweka kidole chini ya jina lile lile, akatabasamu, akaondoka. Walimu wao wa madarasa nao walipita na orodha zao mkononi, kila mmoja akatafuta Benigna Ngonyani, akamwona, akaweka vema. Jina moja liliwaridhisha watu wanne, na hakuna kati yao aliyekuwa na kosa.

Mwezi wa tano ulifika. Tarehe 22 mikondo yote mitatu ilikusanywa ukumbini kwa mtihani wa pamoja wa shule. Mwalimu msimamizi aliita jina la Benigna Ngonyani, wakasimama wasichana wawili: mmoja mrefu, mwembamba, mwingine mfupi, mwenye kovu dogo kwenye kidevu. Ukumbi ukacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema basi huyu ni Benigna Mrefu na yule ni Benigna Mfupi, wakae chini kila mmoja na urefu wake.

Shamimu hakucheka. Kalamu ilimtoka mkononi, na aliyeiokota alikuwa Benigna Mfupi mwenyewe, maana alipangwa dawati la jirani. Baada ya mtihani wakatoka pamoja. Benigna alikuwa msemaji mtaratibu. Alieleza kwamba baba yake, Osmund, analima tumbaku na mahindi upande wa Namtumbo, na kwamba kila msimu hutuma ujumbe akimtaka arudi kusaidia shambani. Bibi amemkatalia mpaka mtihani upite.

"Baba amesema nikifaulu, nasoma. Nisipofaulu, narudi kwenye tumbaku," Benigna alisema. "Kwa hiyo nafaulu."

Alisema hivyo bila majivuno, kama mtu anayesema kesho ni Ijumaa. Shamimu akamuuliza yeye ni wa mkondo gani. Akajibu B. Akamuuliza hisabati inamwendaje. Akajibu inamwenda vizuri.

Ofisi ya elimu ilikuwa imeruhusu marekebisho ya orodha mpaka mwisho wa mwezi. Zilibaki siku tisa. Siku tisa ni nyingi sana kwa mtu anayetaka kusema kweli: zinatosha kusema mara tisa. Siku ya kwanza Shamimu alifika mpaka mlangoni kwa Mwalimu Mkuu. Alimkuta akiandika barua ya ruhusa ya wazazi kwa safari ya Mbeya, na jina lililokuwa juu ya barua lilikuwa lake. Mwalimu Lidwina akainua kichwa, akamuuliza ana shida gani. Akasema hana shida. Siku ya pili alijiambia labda walimu wataona wenyewe. Siku ya tano alimkwepa Muhsini. Siku ya nane alimwambia mama yake kwamba anaumwa kichwa, na Mwanaisha akamfunga kitambaa na kumpa maji ya uvuguvugu. Mwezi wa tano ukaisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi haya alikuwa ameyaficha kwenye mwili wa mwenzake.

Mwezi wa nane alikwenda Mbeya. Alisimama mbele ya meza yenye kitambaa cheupe, akawaeleza wageni jinsi kanzidata inavyotunza taarifa za wanafunzi. Mzee mmoja, mkulima, akamuuliza: na mtu akikosea? Shamimu akajibu kwamba kompyuta hukataa. Mzee akasifu sana. Shamimu akarudi na cheti, akakitia chini ya godoro, na mama yake alipotaka kukitundika sebuleni akamwomba asikitundike.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani, vitambulisho vya watahiniwa vikaletwa shuleni. Darasa la saba wote waliketi ukumbini, na Mwalimu Hironimus akawa anaita jina, mtoto anapita mbele, anapokea karatasi yake yenye namba ya mtihani. Akaita Benigna Jeremia Ngonyani. Wakainuka wawili, wakafika mbele wawili, wakanyoosha mikono wawili. Mwalimu alitazama karatasi moja aliyoishika. Akaipekua bahasha. Akaimwaga mezani. Hapakuwa na nyingine.

Tarehe iliyochapwa ilikuwa 14 Machi 2011. Benigna Mrefu akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ni ya kwake. Mwenzake akarudisha mkono, akaufutia kwenye sketi kana kwamba umeshika kitu kichafu, akauliza yake iko wapi. Wakapelekwa ofisini wote wawili, na nusu saa baadaye Shamimu na Muhsini nao wakaitwa.

Mwalimu Lidwina alikuwa ameshapiga simu ofisi ya elimu mara tatu. Jibu lilikuwa moja: muda wa marekebisho umepita miezi mitatu, asiyesajiliwa atasubiri mwaka ujao. Benigna Mrefu, machozi yakimtiririka, akasukuma karatasi yake mezani.

"Mpeni huyu, Mwalimu," alisema. "Jina ni lile lile. Yeye ndiye mwenye hesabu, mimi hata nikiingia sijui kama nitafaulu."

Haikuwa rahisi kumtazama mtoto yule. Mwalimu Hironimus akairudisha karatasi mkononi mwake, akamwambia kwamba hawezi kumwingiza mtu kwenye mtihani kwa tarehe isiyo yake. Kosa hili limeanza na taarifa ya uongo, haliwezi kumalizwa kwa nyingine. Kisha akaiwasha kompyuta. Kumbukumbu zake zilionyesha kwamba Alhamisi ile ya mwezi wa pili mwanafunzi namba 452 alifutwa kwa neno la siri la mwalimu.

"Ni neno lako, Mwalimu Hironimus," alisema Mwalimu Lidwina. "Nitaandika nini kwenye ripoti?"

Akajibu kwamba Alhamisi ile alikuwa Mbinga, kwenye maziko ya baba yake. Mwalimu Mkuu akageuka kumtazama Muhsini, kwa kuwa alama aliziingiza yeye. Na hapo, akiwa amechelewa miezi mitatu, Shamimu akasema.

Alisema yote: tarehe aliyoinakili, tiki aliyoiondoa, alama alizoziona, siku tisa alizozihesabu. Alisema bila kulia, kwa sababu aliona hana haki ya kulia mbele ya yule aliyesimama pale. Benigna Mfupi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba ruhusa atoke nje, na binamu yake akamfuata.

Baada ya wao kutoka, Mwalimu Hironimus akamgeukia Shamimu. Hakumfokea, na Shamimu alitamani afokewe.

"Unajua kwa nini ile mashine ilikukatalia?" alimuuliza. "Haikuwa inakuchelewesha wewe. Benigna hakuwepo chumbani ajitetee. Hata hakujua kama anazungumzwa. Mimi nilijua siku kama hiyo itakuja, mtu ana haraka na mwenye jina yuko mbali, ndiyo maana nikaiwekea kanuni imsemee. Ilimsemea mara nne. Wewe ukaifunga mdomo."

Kisha akakubali na lake. Alisema kuandika neno la siri mbele ya watoto lilikuwa kosa lake, na kubandika majina bila namba lilikuwa kosa la shule, na hayo mawili atayaandika kwenye ripoti kwa mkono wake. Kosa lake halikulipunguza la Shamimu. Yakawa makosa mawili.

Jumamosi Mwanaisha alijifunga khanga mpya, akamchukua binti yake mpaka Lizaboni. Mzee Sefu alikuwa Tunduru, na alipoelezwa kwenye simu alisema waende. Mwalimu Hironimus aliwakuta njiani. Bibi Benigna alikuwa uani, akipukuchua mahindi kwenye ungo. Pembeni, juu ya kiti cha mbao, alikuwa ameketi Osmund, baba yake Benigna Mfupi, aliyekuwa amefika siku moja kabla kutoka Namtumbo na begi tupu la kubebea nguo za mtoto.

Wakaamkiana. Benigna Mfupi akawatandikia wageni mkeka, akawaletea maji, akampa kila mmoja kwa mikono miwili, Shamimu naye pia. Shamimu akapiga magoti akaeleza tena kosa lake lote, mbele ya bibi na mbele ya baba. Osmund alimsikiliza huku akitazama ardhi, kisha akasema yeye hana ugomvi na mtoto wa mtu, ila ahadi ilikuwa mtihani, na mtihani haupo.

Mwalimu Hironimus akamsihi. Akamweleza kwamba ameshamrudisha Benigna kwenye kanzidata kwa namba yake, na alama zake kumi na mbili amezipata kwenye karatasi za walimu. Mwakani atasajiliwa wa kwanza, na orodha zitabandikwa zikiwa na namba, mkondo na jina la mzazi. Bibi hakusihi. Aliendelea kupukuchua hindi moja mpaka likabaki gunzi.

"Osmund, mtoto hakushindwa mtihani," alisema. "Hajaufanya. Ahadi uliitoa wewe, na bado hujaitimiza. Atakaa hapa mwaka mmoja zaidi. Begi hilo utarudi nalo kama ulivyokuja nalo."

Osmund alimtazama mama yake, akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na furaha, lakini alikubali. Benigna hakusema asante wala hakutabasamu. Angerudia darasa lile lile mwaka mzima na watoto aliowatangulia, na Jumatano binamu yake angeingia kwenye chumba cha mtihani peke yake.

Kisha bibi akamgeukia Shamimu, ambaye alikuwa bado amepiga magoti, na kumwuliza swali moja.

"Ulipoziona zile alama zake, ulijua ni mtu mwingine?"

Shamimu angeweza kusema hakuwa na uhakika. Mama yake alikuwa pembeni, mwalimu alikuwa pembeni, na jibu hilo lingepokelewa.

"Nilijua, bibi," alisema.

Bibi aliutua ungo chini.

"Basi leo umesema kweli, na ushike hapo hapo. Mkono kukosea, kila mtu hukosea; hata mimi nimewahi kumpa mtoto dawa ya mwenzake. Lakini mtu akishajua, hapo si mkono tena. Kusamehe nimekusamehe, na Benigna nimemwambia akusamehe. Ila uelewe jambo hili, mjukuu wangu, ulibebe mpaka uzeeni. Msamaha unakupunguzia wewe mzigo. Yeye haumrudishii mwaka wake."

Akaushika ungo tena, akaendelea na mahindi. Shamimu aliinuka, magoti yakiwa na vumbi jekundu, akamtafuta Benigna kwa macho ili amuage. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mwanaisha akamshika mkono, wakarudi Bombambili kwa miguu.